Maji Hukauka, Chokaa Hubaki

Mtu ateremkaye kutoka Tukuyu kwenda Kyela huona kwamba ameingia katika nchi ya maji. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani, na mto Songwe hupita mpakani mwa Tanzania na Malawi. Yote huishia katika Ziwa Nyasa. Mvua nayo ni nyingi, maana kwa mwaka hupita milimita 2,000. Basi mtu aweza kudhani ya kuwa katika nchi kama hii hapana kazi iliyo rahisi kuliko kuosha gari. Huchota maji, hupaka sabuni, humwagia maji tena, kisha huliacha gari juani likauke lenyewe. Lakini likiisha kukauka, huonekana vidoa vyeupe juu ya boneti na juu ya vioo, kana kwamba limenyunyiziwa unga. Gari limeoshwa, vidoa hivi vimetoka wapi?

Swali hili si la urembo tu. Dereva wa lori lipakialo mpunga na kakao husafiri hata usiku. Kioo chake cha mbele kikiwa na vidoa, mwanga wa gari lijalo mbele yake hutawanyika katika kila kidoa, naye haoni vema mtu apitaye kando ya njia. Kwa hiyo inafaa tujue sababu yake na dawa yake.

1. Mzigo wa maji

Maji ya mvua yaangukapo huchukua hewa ya kaboni kidogo katika anga, na yakipenya katika udongo huchukua nyingine zaidi, itokayo katika mizizi na majani yaozayo. Hewa hiyo huyafanya maji kuwa na uchachu mdogo sana, usioonjeka kwa ulimi, lakini watosha kuyeyusha mawe kidogo kidogo. Ndivyo maji yanavyopata mzigo wa madini, hasa kalsiamu na magnesiamu. Maji yenye madini hayo mengi huitwa maji magumu. Yenye machache huitwa maji laini. Kwa macho yote ni meupe na safi.

Tone la maji magumu likikauka juani, maji hugeuka mvuke na kwenda zake. Mzigo wake hauwezi kupaa pamoja nao. Hubaki pale pale, nao ndio kile kidoa cheupe. Tuseme lita moja ya maji ina miligramu 200 za madini, na baada ya kuosha gari nusu lita imebaki imetapakaa juu yake. Likikauka bila kufutwa, miligramu 100 za madini zitabaki juu ya rangi na vioo. Tena mara ya pili huongezwa juu ya zile za kwanza.

Atakaye kuona kazi hii kwa ukubwa wake na aende magharibi ya mji wa Mbeya. Huko uko mto mwingine uitwao Songwe pia, ila huo haumwagi katika Nyasa, bali katika Ziwa Rukwa. Kando yake zimo chemchemi za maji ya moto. Maji hayo hutoka chini ya nchi yakiwa na mzigo mkubwa. Yafikapo juu, hewa ya kaboni huyatoka, nayo chokaa hutua. Kwa muda wa maelfu ya miaka chokaa hiyo imejenga miamba mizima. Kidoa cha juu ya gari ni ndugu mdogo wa miamba ile.

2. Kuyapima maji

Kisima kimoja hakifanani na kingine. Hata mto mmoja hubadilika, maana wakati wa masika huchanganyika na maji mengi ya mvua, na wakati wa kiangazi hulishwa zaidi na maji yatokayo chini ya ardhi. Kwa hiyo usikisie, pima.

Twaa chupa tatu zilizo sawa na safi. Ya kwanza tia maji ya mvua, ya pili maji ya mto, ya tatu maji ya kisima, kwa kipimo kimoja. Katika kila chupa tia vipande vidogo vya sabuni ya mche, vilivyo sawa, kisha tikisa kila moja mara ishirini. Maji laini yatatoa povu jingi lidumulo. Maji magumu yatatoa povu haba, na juu yake utando wa kijivu, kwa sababu madini huikamata sabuni kabla haijafanya kazi yake.

Kisha weka tone moja la kila maji juu ya kioo safi, ukiache kioo juani. Tone lililoacha alama nzito ni la maji yasiyofaa kuwa ya mwisho juu ya gari.

3. Namna ya kuosha

Kwanza, weka maji ya mvua akiba. Mvua ya milimita moja ikianguka juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja. Bati la mita 5 kwa mita 4 lina mita za mraba 20. Mvua ya milimita 10 italetea lita 200, yaani madebe kumi hivi. Maji ya kwanza yaache yapite, kwa maana huosha vumbi la bati.

Pili, osha asubuhi na mapema au jioni, kivulini, bati la gari likiwa limepoa. Jua la mchana hukausha matone kabla mkono haujayafikia.

Tatu, mwagia maji kwanza ili matope na mchanga vianguke. Ukifuta matope makavu, mchanga utakwaruza rangi.

Nne, anzia juu ushuke chini. Osha sehemu moja, isuuze, ndipo uende sehemu ya pili. Uwe na ndoo mbili: moja ya maji ya sabuni, na moja ya kusuuzia kitambaa. Maji ya kisima au ya bomba yaweza kutumika katika kazi hii ya kwanza, hata yakiwa magumu.

Tano, maliza kwa kumwagia maji ya mvua, upate kuondoa yale magumu yaliyobaki. Kisha futa gari lote kwa kitambaa laini cha pamba, kilicho safi, ukikikamua mara kwa mara. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Tone lililofutwa huondoka pamoja na mzigo wake. Tone lililoachwa huutua.

Wengine hutia magadi katika maji ili kuyalainisha. Ni kweli, magadi husaidia sabuni kutoa povu. Lakini magadi yenyewe ni chumvi, nayo yakikauka huacha weupe wake. Basi usiyatumie katika maji ya mwisho.

4. Vidoa vilivyokwisha kukaa

Changanya siki na maji kwa kiasi sawa, ulowanishe kitambaa, ukiweke juu ya kidoa kwenye kioo kwa dakika moja au mbili, kisha suuza na kufuta. Ukali wa siki huyeyusha chokaa. Usifanye hivyo juani, wala usisugue kwa mchanga, majivu au waya. Kidoa kilichoachwa siku nyingi huanza kuila rangi, na hapo siki haifai tena. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

5. Maji machafu yaende wapi?

Wako watu wenye kuingiza gari mtoni ili waoshee hapo hapo. Huokoa ndoo chache, lakini hupoteza makubwa. Mafuta na grisi huenda na mto hadi kwa watu wachotao maji ya kunywa. Tena samaki aitwaye mbasa hupanda kutoka ziwani na kuingia mitoni kutaga mayai. Uchafu wetu humkuta nyumbani kwa watoto wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hukataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, shughuli ziwezazo kuharibu mahali hapo. Osha gari mbali na maji na mitaro, juu ya nyasi au changarawe, na maji yanywee ardhini.

Fikiri pia habari ya ziwa lenyewe. Mto mmoja tu hutoka katika Nyasa, nao ni Shire, upande wa kusini. Sehemu kubwa zaidi ya maji ya ziwa huondoka kwa njia ya mvuke. Basi Nyasa ni kama lile tone juu ya kioo: maji hupaa, nayo yaliyoletwa na maji husalia kwa muda mrefu. Juu ya kioo twaweza kupitisha kitambaa. Kwa ziwa hapana kitambaa. Iliyopo ni kutolichafua.

Maswali

1. Kwa nini kidoa hubaki baada ya maji kukauka?
2. Bati la nyumba lina urefu wa mita 8 na upana wa mita 5. Mvua ya milimita 15 italetea lita ngapi?
3. Kwa nini magadi hayafai katika maji ya mwisho?
4. Ziwa Nyasa linafananaje na tone la maji?
5. Pimeni maji ya visima viwili vya kijijini kwenu, mwandike mliyoyaona.