Kusikia na Kusikiliza: Jumbe za Dirisha katika Tarakilishi

Utangulizi

Aghalabu sisi wanafunzi wa Kiswahili huiona tarakilishi kama taipureta yenye kioo. Makala haya yananuia kuonyesha kuwa tofauti ya vitenzi 'sikia' na 'sikiliza' hutufafanulia yanayotokea ndani yake. Anayesikia hufikiwa na sauti. Anayesikiliza hutia nia.

Safari ya ujumbe

Katika mfumo wa Windows, mtumiaji abonyezapo kitufe au asogezapo kipanya, mfumo huunda ujumbe wenye nambari maalumu. Baadhi ya jumbe hupanga foleni. Nyingine hupelekwa kwa dirisha moja kwa moja. Dirisha huzisikia zote zinazolifikia. Hata hivyo, mtunzi wa programu huteua chache za kusikilizwa. Zilizosalia hukabidhiwa utaratibu wa kawaida wa mfumo, uitwao DefWindowProc.

Ombi na taarifa

Hebu tuzingatie kufungwa kwa dirisha. Mtumiaji anapobofya alama ya kufunga, dirisha hupokea WM_CLOSE, ujumbe nambari 16. Hili ni ombi tu. Dirisha lingali hai, na programu inaweza kumuuliza mtumiaji iwapo angependa kuhifadhi kazi yake. Programu isiyousikiliza ujumbe huu humwachia DefWindowProc, naye huliangamiza dirisha bila swali. Hapo hufika WM_DESTROY, ujumbe nambari 2, ambao si ombi bali ni taarifa ya msiba. Kuuliza wakati huo ni kumpa marehemu dawa. Sura nzima ya tasnifu yaweza kupotea hivyo.

Aidha, mashine inapozimwa kwa utaratibu, programu huulizwa kupitia WM_QUERYENDSESSION, nambari 17, kama ziko tayari. Umeme ukikatika ghafla, hakuna ujumbe wowote unaotumwa. Basi kuhifadhi kazi mara kwa mara kungali wajibu wa mwandishi mwenyewe.

Hitimisho

Yafaa waundaji wa istilahi watumie 'sikiliza' kwa tendo la programu kuuteua ujumbe na kuushughulikia. Wakitumia 'sikia', msomaji atadhani kuwa kufikiwa na ujumbe kunatosha, ilhali kazi hupotea papo hapo.

Zoezi

Fungua programu unayoandikia, chapa neno moja, kisha ubofye alama ya kufunga. Ukiulizwa swali, eleza ni ujumbe upi uliosikilizwa. Usipoulizwa, je, kazi yako i salama?