SOMO: SUMU ISIYOOZA NA UZAZI

Soma kwanza 2 Wafalme 2:19-22.

Watu wa Yeriko walipomjia nabii Elisha hawakumletea mwanamke tasa ili wamlaumu. Walimwambia habari za maji yao, kwamba ni mabaya na nchi haizai. Nasi hapa Kalembe, mimba ikitoka au mtoto akikosekana, jamaa za mume humtazama mke tu, na wengine humrudisha kwao. Hata watu wa kanisa hufanya hivyo.

Msomaji mpendwa, majani yakianguka shambani huoza, yakawa udongo. Lakini ziko sumu zilizotengenezwa na watu ambazo haziozi upesi. Hukaa miaka mingi katika udongo na matope ya mto. Vidudu vya majini huzila, samaki hula vidudu vingi, mtu hula samaki. Kila hatua sumu huongezeka, nayo hujiweka katika mafuta ya mwili. DDT ni mojawapo.

Mwaka 1950, huko Marekani, Burlington na Lindeman waliwadunga majogoo wachanga DDT kila siku, kwa muda wa miezi miwili na zaidi. Majogoo hawa waliendelea kuishi. Lakini vilemba vyao vilibaki vidogo, na kende zao hazikufika robo ya kende za wenzao wasiodungwa. Angalia, baba: aliyeharibika hapo ni jogoo.

Mwaka 1995 wataalamu wengine waliwapa panya wenye mimba DDE, ndiyo DDT ikiisha kugeuka mwilini. Wana wao wa kiume walikuwa na chuchu, ambazo panya dume hana. Sumu ilizuia homoni inayomfanya mtoto awe dume. Aliyekula ni mama, alama ikaonekana kwa mtoto.

Panya si mtu, na wanyama hao walipewa sumu nyingi. Usiseme basi kwamba kila utasa umetokana na DDT. Magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa huziba mirija ya uzazi, ya wake na ya waume. Kwa hiyo mje wawili kupimwa. Mume anayemtuma mke peke yake atupotezea kazi.

Mwaka 2001 mataifa yalipatana huko Stockholm kuziacha sumu za namna hii. DDT ikaachiwa kazi moja tu, kupigana na wadudu waletao magonjwa, kama mbu. Chandarua usikiogope: dawa yake ni jamaa ya pareto, maua yaliyolimwa hapa Kivu, na mwili huivunja upesi. Mama, wala usiache kunyonyesha kwa hofu. Ni kweli DDT hupita katika maziwa, lakini mtoto asiyenyonya yumo katika hatari kubwa zaidi.

Usitie katika maharagwe unga wa sokoni usio na jina. Usimwage dawa mtoni ili kuua samaki. Mwaka 1999 Ulaya ilikataa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya uvuvi huo, na wavuvi wasio na kosa wakakosa soko. Bidoni ya dawa ya shamba usiitie maji, wala mawese, wala kasiksi (ambayo sisi hatuisifu hata katika bidoni safi). Itoboe, mtu asiiokote. Mtoto akinywa dawa hiyo, usimtapishe. Mlete hospitali mara moja, na bidoni yenyewe uje nayo.