Muhogo Mchungu Unahitaji Maji na Muda Kabla ya Moto

Muhogo huvumilia ukame pale mahindi yanaposhindwa. Ndiyo maana familia nyingi za Pwani na Magharibi mwa Kenya huutegemea mvua zinapokosekana. Lakini ukame huohuo huongeza sumu ndani ya muhogo. Makala haya yanaeleza sumu hiyo inatoka wapi, na jinsi mmea wenyewe unavyobeba kitu cha kuiondoa.

Kimeng'enya ni nini?

Ndani ya kila kiumbe hai, mmea au mwanadamu, molekuli huvunjwa na kuundwa kila wakati. Kazi hiyo huharakishwa na protini maalumu ziitwazo vimeng'enya. Mtu akitafuna muhogo uliochemshwa kwa muda bila kumeza, huonja utamu, kwa sababu kimeng'enya cha mate kimeanza kuvunja wanga kuwa sukari.

Kila kimeng'enya hushika molekuli inayolingana na umbo lake, kama ufunguo na kufuli yake. Huhitaji maji ili kufanya kazi. Kikipata joto la maji yanayochemka, umbo lake huharibika, kama vile ute wa yai ukishaiva haurudi kuwa majimaji.

Sumu na kiondoa sumu katika mmea mmoja

Muhogo huhifadhi molekuli iitwayo linamarini katika vifuko vilivyo ndani ya seli zake. Kimeng'enya kiitwacho linamarasi hukaa mbali nayo, kwenye kuta za seli. Seli zikiwa nzima, viwili hivyo havikutani. Mnyama au mdudu akiutafuna mmea, seli hupasuka, linamarasi huvunja linamarini, na sianidi hutoka. Hiyo ndiyo silaha ya muhogo dhidi ya walaji.

Mpishi anaweza kuigeuza silaha hiyo iwe faida. Muhogo ukikunwa, ukitwangwa au ukilowekwa, sianidi hutoka kabla chakula hakijafika mdomoni. Kwa kuwa huwa gesi kwenye joto la nyuzi 26 hivi za selsiasi, hupotea hewani kwa urahisi.

Muhogo mchungu ukitiwa moja kwa moja katika maji yanayochemka, linamarasi huharibika kabla ya kumaliza kazi. Linamarini yenyewe huhimili joto hilo. Kiasi kikubwa hubaki katika chakula, na bakteria wa utumbo wanaweza kuivunja na kutoa sianidi ndani ya mwili.

Hatari kwa afya

Sianidi huzuia kimeng'enya ambacho seli hutumia ili kupata nguvu kwa oksijeni. Dalili zake ni kizunguzungu, kuumwa kichwa, kichefuchefu, kutapika na kupumua kwa shida. Mwenye dalili hizi baada ya kula muhogo apelekwe hospitalini bila kuchelewa, hasa akiwa mtoto.

Kula muhogo mchungu usioandaliwa vyema kwa wiki kadhaa, bila protini ya kutosha, huweza kuleta konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usiopona. Hushika zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mwaka 1981, wakati wa ukame, zaidi ya watu 1,000 walipatwa na ugonjwa huo katika mkoa wa Nampula, Msumbiji.

Mwili una kinga yake: kimeng'enya kiitwacho rodanesi hugeuza sianidi kuwa kitu chenye sumu kidogo zaidi, kinachotoka kwa mkojo. Kazi hiyo huhitaji salfa inayotokana na protini. Kwa hivyo muhogo uliwe pamoja na kunde, pojo, maharagwe, samaki, mayai au maziwa.

Hatua za kufuata nyumbani

1. Menya maganda yote, kwani yana linamarini nyingi kuliko nyama ya ndani. Maganda mabichi ya muhogo mchungu yasipewe mbuzi wala ng'ombe.

2. Muhogo mtamu uchemshwe baada ya kumenywa, na maji yake yamwagwe. Muhogo mchungu usiliwe mbichi wala kwa kuchemshwa tu.

3. Muhogo mchungu ukatwe, ulowekwe kwa siku 3 hivi hadi ulainike, maji yamwagwe, kisha uanikwe na kusagwa. Kuanika peke yake hakutoshi, kwa sababu ukikauka haraka kimeng'enya hukosa maji.

4. Unga wenye shaka uchanganywe na maji, utandazwe kwa tabaka jembamba lisilozidi sentimita 1, na uachwe saa 2 juani au saa 5 kivulini. Upikwe siku hiyohiyo.

5. Kisamvu kitwangwe kwanza, ndipo kichemshwe. Majani mazima yakichemshwa, kimeng'enya hufa kabla ya kukutana na linamarini.

Njaa humfanya mpishi afupishe siku za kuloweka, na hapo ndipo sumu hupata nafasi. Familia isiyojua aina ya muhogo uliopo shambani imwulize afisa wa kilimo wa wadi kabla ya kuvuna, na hadi itakapopata jibu, iuchukulie kuwa mchungu.