KUTAPIKA WAKATI WA MIMBA: LINI NI KAWAIDA, LINI NI HATARI

Somo hili ni la akina mama wajawazito, pia la waume na mama wakwe wanaoishi nao.

Kichefuchefu cha mimba huanza mara nyingi katika mwezi wa pili. Kwa wengi hupungua mwezi wa nne au wa tano. Huja asubuhi, lakini hata mchana na jioni. Si uchawi, wala si uvivu.

MAMA AFANYE NINI?

1. Usikae na njaa. Tumbo tupu huongeza kichefuchefu. Kabla ya kuinuka kitandani, kula kipande cha mkate au biskuti.
2. Kula kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku. Kama harufu ya sambaza inakuchefua, mwingine apike.
3. Kunywa maji yaliyochemshwa, funda moja moja. Chai ya tangawizi husaidia.
4. Ukienda kuvuka Petite Barrière na mzigo, usitoke bila kula. Beba maji na ndizi mbivu za kula kwenye foleni.
5. Vidonge vya kuongeza damu vikikuchefua, usivitupe. Vimeze usiku baada ya kula, na umwambie mkunga.
6. Usinunue dawa ya kutapika sokoni.

USISEME "NI MIMBA TU"

Mimba haileti homa wala kuharisha. Kutapika pamoja na homa kunaweza kuwa malaria. Kutapika pamoja na kuharisha maji maji kunaweza kuwa kipindupindu, kinachoweza kuua kwa saa chache. Julai 1994, watu wengi sana walivuka mpaka huu kutoka Gisenyi kwenda Goma, na kipindupindu kikaua maelfu yao.

Nenda kituo cha afya mara moja, hata usiku, kama:

- chakula na maji havikai tumboni siku nzima;
- mkojo ni mweusi kama chai ya rangi, au hautoki;
- una kizunguzungu, au umezimia;
- una homa, unaharisha, tumbo linauma sana, au damu inatoka;
- mimba ni kubwa, kichwa kinauma sana na macho hayaoni vizuri.

Njiani mama anywe maji haya, funda moja moja: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visijae kupita kiasi. Maji haya hayachukui nafasi ya kituo.

Baba, usiseme tungoje kesho. Msindikize mama.

Ukisha kusoma, msomee na jirani asiyejua kusoma.