SOMO: INJINI YA MELI HUKAA WAPI, NA KWA NINI?



Chai nyingi tunayochuma huku Kericho na Bomet huuzwa kwenye mnada wa Mombasa, kisha hupakiwa melini kwenda ng'ambo. Bandarini hapo hufika pia meli za watalii, ndefu kwenda juu kama jumba la ghorofa. Mbona jumba hilo halipinduki? Hebu tuangalie.

Injini za meli ni nzito mno. Kwa kawaida huwekwa chini kabisa, mara nyingi upande wa nyuma. Sababu ni mbili. Kwanza, propela inayosukuma maji iko huko huko nyuma. Pili, na hili ndilo kubwa, uzito ukiwa chini meli husimama imara. Wimbi likiilaza, hujiinua tena.

Jaribuni wenyewe. Chukueni mkebe mrefu wenye kifuniko, mtie mawe machache ndani, muuweke kwenye karai la maji. Utaelea wima. Sasa toeni mawe, myapange juu ya kifuniko. Utapinduka papo hapo.

Lakini injini peke yake haiwezi kutuokoa. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Viktoria kikikaribia kisiwa cha Ukara, Tanzania. Kiliruhusiwa abiria 101. Waliokufa tu walizidi 220. Watu na mizigo ikizidi huko juu, uzito wa chini hushindwa.

Sisi hatuna ziwa, lakini tuna milima na kona. Gari nalo hufuata sheria ile ile. Pikapu ikibeba majani chai, mzigo mzito ukae chini, na mtu asipande juu ya magunia. Kikundi kikikodi gari la kwenda matanga au harusi, tukubaliane idadi ya watu kabla ya siku yenyewe. Tunajua ni vigumu kumwacha jirani barabarani. Hata hivyo, kumwambia, "Mama, gari limejaa, ngoja la pili," si dharau. Ni kumpenda.

Maswali ya kujadili:
1. Je, mkebe ulipinduka kwa mawe mangapi juu?
2. Katika kikundi chetu, nani ana ruhusa ya kusema "gari limejaa"? Je, tutamtii?
3. Nauli ya gari la pili itatoka wapi?