Chanjo, Madhara na Fidia

Chanjo huuzoeza mwili kupambana na maradhi kabla maradhi yenyewe hayajafika. Mtoto aliyechanjwa hujikinga, na huwakinga pia jirani zake, kwani ugonjwa wa kuambukiza hukosa njia ya kuenea. Hata hivyo, hakuna chanjo isiyo na hatari hata kidogo.

Matone ya polio yana virusi hai vilivyodhoofishwa. Mara chache mno virusi hivyo hurudia ukali wake na kumpoozesha mtu. Nchini Marekani, kabla ya matone hayo kuachwa mwaka 2000 na nafasi yake kushikwa na sindano yenye virusi vilivyouawa, jambo hilo lilitokea takriban mara moja katika dozi milioni 2.4. Kwa taifa idadi hiyo ni ndogo; kwa mzazi wa mtoto huyo ni msiba mzima.

Nani awajibike, ikiwa chanjo ilitengenezwa vyema na muuguzi hakukosea? Mahakama za kawaida hudai uthibitisho wa kosa. Mapema katika miaka ya 1980 mashtaka juu ya chanjo ya kifaduro yaliongezeka Marekani, na baadhi ya watengenezaji wakaacha kuitengeneza. Ndipo mwaka 1986 ilipotungwa sheria ya fidia, ambayo mpango wake ulianza mwaka 1988.

Mpango huo una nguzo tatu. Kwanza, mfuko: kila dozi hutozwa senti 75 za dola kwa kila ugonjwa inaoukinga. Pili, jedwali linalotaja madhara na muda wake. Kwa mfano, mshtuko mkali wa mzio ukitokea katika saa 4 baada ya chanjo ya surua, huchukuliwa kuwa umeletwa na chanjo, isipokuwa sababu nyingine ithibitishwe. Tatu, mdai halazimiki kuthibitisha kosa la mtu yeyote. Madhara yasiyomo katika jedwali humlazimu kuonyesha kuwa chanjo ndiyo iliyoyasababisha.

Mwanafunzi atambue kwamba jambo kufuata jingine si ushahidi kuwa limesababishwa nalo. Jedwali ni kanuni ya sheria, iliyowekwa ili mwenye shaka ya haki asiachwe mikono mitupu. Kulipa fidia si kuikana chanjo. Ni jamii nzima, iliyofaidika na kinga, kumsaidia yule mmoja aliyebeba hasara yake.

Zoezi: Chanjo inayokinga surua, matumbwitumbwi na rubela huchangia senti ngapi katika mfuko kwa kila dozi?