Dawa za Kichina na Ugonjwa wa Kusahau kwa Wazee



Wako wazee ambao husahau kupita kiasi. Mzee hupotea njia ya shambani kwake. Humwita mwanawe kwa jina la mtu mwingine. Watu husema amerogwa. Sivyo. Huu ni ugonjwa.

Aina moja ya ugonjwa huu hutokana na mishipa ya damu. Ubongo hulishwa na damu, kama bustani inavyolishwa na maji ya mfereji. Mfereji ukiziba, mboga hunyauka. Mshipa ukiziba au ukipasuka, sehemu ya ubongo hufa. Shinikizo la damu, kisukari na sigara huharibu mishipa.

Waganga wa jadi wa China husema kuwa damu imetuama. Hutoa dawa za kuitembeza, kama majani ya mti uitwao ginko na mizizi ya mmea uitwao danshen.

Je, dawa hizi huponya? Majaribio mengi ya China yalikuwa madogo, au hayakupangwa vizuri. Hayatoshi kuthibitisha. Huko Marekani, wazee zaidi ya 3,000 walifuatiliwa kwa miaka 6 hivi, ili kuona kama ginko huzuia ugonjwa wa kusahau. Nusu walipewa ginko. Nusu walipewa vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalitolewa mwaka 2008. Ginko haikuzuia ugonjwa.

Dawa ya miti inaweza pia kudhuru. Danshen ikichanganywa na vidonge vya kuzuia damu kuganda, mgonjwa anaweza kutokwa na damu nyingi.

Hatari kubwa ni hii. Umeuza mbuzi, umenunua dawa ya Kichina, kisha umemwachisha baba vidonge vya shinikizo. Shinikizo litapanda. Anaweza kupata kiharusi. Sehemu ya ubongo iliyokufa hairudi.

Fanya haya:

1. Mpeleke mzee zahanati apimwe shinikizo la damu.
2. Ameze vidonge alivyoandikiwa kila siku, hata akijisikia mzima.
3. Apunguze chumvi na aache sigara.
4. Akitumia dawa yo yote ya miti, ya Kichina au ya kwetu, tuambieni. Hatutawagombeza.
5. Msimcheke. Msimwache atembee peke yake.

Maswali ya kujadili:

1. Kwa nini si haki kusema mzee huyu amerogwa?
2. Ni nani kijijini kwenu aliyeacha vidonge vya shinikizo? Mtamsaidiaje?